Dezi Alivyolamba Bahari

Kuolewa katika boma la Mzee Jethro Ogari kulinifundisha kwamba mke wa mwana hana mdomo mbele ya baba mkwe. Haketi naye, hampi mkono, hamtazami usoni, na akimpelekea maziwa huyaweka mezani na kutoka mbio kama aliyeona nyoka. Lakini Mungu hakusahau kuwapa wake wa wana masikio, na jiko letu pale Nyansiongo lilikuwa na dirisha lililotazama veranda ya nyumba kubwa. Kwa hiyo mengi ya haya ninayoyasimulia sikuambiwa na mtu. Niliyasikia mwenyewe, mwiko mkononi.

Wifi yangu Drusilla alikuwa msomi wa bahari. Ukitaka kujua jambo hilo lilipokewaje kwetu, fikiria ukoo wa watu wa milimani, wenye mahindi yao, pareto yao na ng'ombe wao wa maziwa, ambao maji mengi kuliko yote waliyowahi kuyaona ni ya bwawa alilolichimba mzungu aliyekuwa na shamba lile kabla yetu. Wasichana waliosoma naye walirudi wakiwa walimu na wauguzi, kazi ambazo mtu huzielewa kabla hujamaliza kuzitaja. Yeye mwaka wa sitini na tano alipelekwa Mombasa na shule yake, akaingiza kichwa ndani ya maji ya bahari, na nadhani hakukitoa tena.

Alipokuwa chuo kikuu alikuja likizo na kioo cha kuvaa usoni na bomba la kupumulia, akawa anajifunza kuogelea katika bwawa la ng'ombe. Siku moja Mzee Ombui, jirani yetu na mzee wa kanisa pamoja na baba mkwe, alimleta ndama wake kunywa maji, akaona bomba linatembea juu ya bwawa likipumua. Alitimua mbio hadi kwake, ndama akabaki. Jioni Drusilla alimrudisha ndama kwa adabu zote, lakini Ombui ni mtu anayehifadhi kinyongo kama wengine wanavyohifadhi mbegu. Tangu siku hiyo hakumwita kwa jina. Alimwita yule wa bomba.

Baada ya digrii Drusilla alipata kazi Malindi, ya kuchunguza matumbawe, yale mawe meupe yenye matundu na matawi yanayofanya mwamba chini ya bahari. Nasema mawe ili tuelewane kwa sasa. Mwezi wa Desemba mwaka wa sabini na tatu alirudi nyumbani na sanduku la mbao na habari moja kubwa: chuo kikuu cha Australia, karibu na mwamba mrefu wa matumbawe, kilikuwa kimempokea akasomee udaktari wa elimu hiyo. Ndege ilikuwa mwezi wa Januari. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa neno la baba yake.

Baba mkwe alikuwa mtu wa haki, jambo ambalo ni taabu kubwa ndani ya nyumba. Mtu dhalimu ungemlaumu ukapata usingizi. Yeye hakukataa. Aliweka sharti.

"Sikatai," alimwambia Drusilla pale verandani. "Lakini sitamtuma mtoto wangu ng'ambo kwa kazi ambayo hapa kwake hakuna anayeijua. Watu wataniuliza, binti yako yuko wapi, anafanya nini, nami nibaki kukuna kichwa? Siku mtu mmoja wa damu ya boma hili atakapomweleza mgeni kazi yako, mgeni akaelewa, na wewe umenyamaza kimya, siku hiyo utaenda na baraka zangu. Hilo lisipowezekana, kuna shule hapo chini, inataka mwalimu."

Utasema, si Drusilla alikuwa mtu mzima mwenye mshahara, angeondoka tu? Kwetu hatuondoki hivyo. Mtoto aliyevuka mto huku baba amempa kisogo hafiki, na akifika hatulii. Drusilla alikuwa na digrii, lakini hilo alilijua kabla ya digrii.

Basi akaanza kufundisha. Alianza na mama mkwe, Mong'ina, walipokuwa wakichambua maharagwe pamoja.

"Kwa hiyo ni mnyama," mama mkwe akasema.

"Ni mnyama, mama."

"Ana miguu?"

"Hana."

"Kichwa?"

"Hana. Ana mdomo tu, na mikono midogo kuuzunguka mdomo."

Mama mkwe akachambua kidogo, akafikiri. "Mdomo na mikono," akasema. "Huyo ni mjomba wako."

Somo la siku hiyo likaishia hapo. Siku iliyofuata akamshika kaka yake Manasseh, ambaye ni mume wangu na ninampenda. Manasseh alielewa yote asubuhi, akatikisa kichwa kwa hekima, na mchana nikamsikia akimwambia mtu wa lori la maziwa kwamba dada yake anachimba kokoto chini ya bahari kwa niaba ya serikali. Drusilla aliwaeleza pia wapagazi wa maziwa, wanakwaya, na hata Mzee Ombui mlangoni pa kanisa. Ombui alimsikiliza hadi mwisho, akaenda zake. Mimi nilielewa, tena vizuri. Lakini mimi si wa damu ya boma, na hata ningekuwa, ningemwelezaje mgeni mbele ya mtu ambaye siruhusiwi kuketi naye?

Baba mkwe mwenyewe ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote. Kila jioni alikuwa na swali lile lile. "Ni jiwe au ni mnyama?"

Drusilla akisema lina sehemu ya jiwe, alijibiwa, "Mawe tunayo. Watu wa Tabaka wanachonga mawe tangu babu zao na hakuna aliyekwenda Australia." Akisema ni mnyama, aliulizwa, "Ana mapezi?"

"Hana, tata," akajibu, yaani baba.

"Magamba?"

"Hana."

"Basi Walawi kwenye Biblia wamesema ni najisi, nawe umemleta ndani ya sanduku nyumbani kwa mzee wa kanisa."

Kisha alifungua gazeti akajifunika uso. Drusilla alikuwa mkaidi kama baba yake, naye akaendelea kulieleza gazeti: mnyama anavyojenga, anavyokufa, mtoto wake anavyojenga juu yake. Gazeti halikujibu. Mimi dirishani niliona ni la wiki iliyopita, na ukurasa haukugeuzwa hata mara moja. Nilidhani amelala.

Tumaini la mwisho lilikuwa sanduku. Ndani yake kulikuwa na matumbawe makavu yenye matawi, na moja la mviringo lililokatwa katikati kwa msumeno, likaonyesha mistari hafifu, mstari juu ya mstari, kila mmoja wa mwaka wake, kama gogo la mti. Jumapili alasiri wazee wa kanisa walikuwa waje kwetu kuzungumzia mabati ya kanisa. Drusilla alipanga Manasseh asimame na lile la mviringo mkononi, awaeleze. Alimkaririsha juma zima. Manasseh alikuwa amefika mahali pa kusema "mnyama" bila kucheka.

Sasa lazima nikueleze habari za Dezi. Dezi alikuwa ng'ombe wa rangi nyeusi na nyeupe ambaye baba mkwe alimnunua kwa yule mzungu alipokuwa akifunga mizigo kurudi kwao. Jina alikuja nalo. Hakuna ng'ombe Nyansiongo nzima aliyekamuliwa maziwa kama yeye, naye alijua, akatutazama sote kama vibarua wake. Wiki hiyo jiwe lake la chumvi lilikuwa limeisha, na Jagdish, mwenye duka tulikolinunua Kisii mjini, alisema lori bado halijaleta. Dezi akaanza kulamba kuta za zizi, na maziwa yakapungua. Baba mkwe akawa hasemi na mtu.

Mama mkwe naye alikuwa na jambo lililomkaa rohoni. Mtoto akitoka mbali huleta zawadi nyumbani, hata kama ni kipande cha sabuni. Drusilla alikuja na sanduku, akalisukuma chini ya kitanda, hakumpa mtu kitu. Mama mkwe alinyamaza kwa siku nyingi kwa heshima. Jumapili asubuhi, Drusilla akiwa mtoni anafua, heshima ikamwishia, akalifungua. Akaona mawe meupe. Akagusa moja kwa ncha ya ulimi. Chumvi.

Alinisimulia baadaye kwamba karibu alie kwa furaha. Chumvi hutoka wapi kama si baharini? Kumbe binti yake alikuwa amemkumbuka Dezi huko huko Malindi, akabeba chumvi safari yote hiyo, ila kwa haya za wasomi akashindwa kusema. Akalibeba sanduku lote hadi zizini, akalimimina katika hori.

Drusilla aliporudi kutoka mtoni alikuta matawi yote yametafunwa kama mabua. Dezi alikuwa amefika kwenye lile la mviringo, analilamba polepole, macho yamefumba. Wifi yangu aliketi chini pale pale kwenye samadi akalia. Sijawahi kumwona mtu mwenye digrii akilia vile. Haikuwa kulilia mawe, maana mengine yalikuwa Malindi kibao. Alikuwa akililia ile nafasi moja iliyobaki, na ndege, na miaka yote ya kupumulia bombani.

"Usilie, mwanangu," mama mkwe alisema, akimpangusa kwa kanga. "Sote tumeshukuru."

Wazee walifika saa kumi. Kwetu Wasabato wa zamani walilima majani ya chai lakini hawakuyanywa, kwa hiyo mgeni aliandaliwa maziwa matupu ya moto. Nikayachemsha ya mkamuo wa mchana ule, nikayaweka mezani, nikatoka mbio kama desturi, nikarudi dirishani kwangu. Manasseh alikuwa kando ya veranda, hana cha kushika mkononi, maneno yote yamemtoka. Drusilla alisimama nyuma yake akiwa amevimba macho.

Mama mkwe, kwa wema wake wote, alikuja kuwakaribisha wageni. "Kunyweni," akasema. "Leo Dezi ametoa kama zamani. Amelamba chumvi ya Drusilla, ile ya kutoka baharini. Tazameni povu."

Wazee wakasifu. Mzee Ombui peke yake aliweka kikombe chini. Kilikuwa kimeshafika nusu.

Ombui alipotaka kutisha watu aliacha lugha yetu ya Ekegusii akahamia Kiswahili, kwa sababu Walawi tulikuwa tukiwasoma kwa Kiswahili, na yeye aliamini sheria haisikii lugha nyingine. "Ndugu Jethro," akasema. "Hiyo si chumvi. Huyu msichana yako aliniambia mwenyewe mlangoni ya kanisa, hiyo kitu ni mnyama. Sasa mimi nauliza. Hiyo mnyama iko na mapezi? Iko na magamba?"

Wazee walitazama ndani ya vikombe vyao.

"Ng'ombe amekula najisi, sisi tumekunywa maziwa ya hiyo ng'ombe, na ni wewe umetupatia. Sabato ijayo utasimama mbele ya kanisa namna gani?" Alikuwa ameshaufungua ukurasa wenyewe. Mtu huyu, nawaambieni, mvua za vuli zikinyesha hula kumbikumbi kikapu kizima, na Walawi hawajamruhusu popote.

Mzee mmoja mpole aliyekuwa akiwaza mabati yake akajaribu kuokoa jahazi. "Wazee, kwa nini tufike huko? Binti yuko hapa. Aseme tu kwamba ni jiwe, yaishe."

Macho yote yakamgeukia Drusilla. Akisema ni jiwe, baba yake amepona, na Australia imekwisha, maana ni nani humtuma mtoto ng'ambo kusomea jiwe? Akisema ni mnyama, baba yake atavuliwa uzee wa kanisa mbele ya watu wote, na baraka tena atazipata wapi? Nikamwona anafungua mdomo, nami namjua: angesema kweli na kutuangamiza sote.

"Nyamaza, Drusilla," baba mkwe akasema. "Wewe ni mtoto hapa. Nitasema mimi."

Drusilla akafunga mdomo, akaja kusimama nami jikoni, akanishika mkono juu ya kiwiko.

"Ombui," baba mkwe akaanza, kwa Ekegusii na bila haraka. "Sabato tunasali wapi?"

"Kwenye nyumba ya mawe pale juu."

"Aliijenga nani?"

"Si mzungu mwenye shamba?"

"Yuko wapi?"

"Alikwenda kwao."

"Leo ukienda ukaulamba ukuta wa nyumba ile, utakuwa umemlamba mzungu?"

Mzee mmoja alicheka akiwa na maziwa mdomoni, na ilibidi agongwe mgongo. Ombui hakucheka.

"Basi sikiliza," baba mkwe akasema. "Huyo mnyama ni mdogo, mwingine kama punje ya wimbi. Ni laini, hana mfupa. Ndani ya maji ya bahari kuna chokaa iliyoyeyuka, huwezi kuiona. Yeye anaichota, anajijengea chumba. Akifa chumba kinabaki. Mtoto anajenga juu ya baba, mjukuu juu ya mtoto. Walio hai wako juu tu, kama ngozi. Chini yote ni nyumba za marehemu. Dezi alikula ukuta, Ombui. Mwenye nyumba alikuwa ameshaondoka."

Mkono wangu ulikuwa unauma, jinsi Drusilla alivyoukamua. Mimi ndiye niliyeng'amua kwanza, kabla yake, kabla ya mzee mwenyewe. Mtu wa damu. Mgeni. Na mwenye kazi amenyamaza. Nikaomba Mungu Ombui aulize zaidi.

Akauliza, maana ni Ombui. "Na hiyo nyumba ya marehemu inamfaa nani, hadi mtu akaisomee?"

"Samaki wamepanga humo. Umewahi kuona mpangaji anayebaki nyumba ikianguka? Na mawimbi yakija na hasira huvunjikia pale, yasile ardhi ya watu. Lakini ngozi ya juu ikifa, ukuta wote utabomoka. Na inakufa, Ombui. Kuna mito inashuka kutoka bara na udongo wa mashamba yaliyolimwa vibaya, inawamwagia wale wanyama matope wakakosa pumzi. Si mto wetu, wetu unakwenda ziwani. Lakini mkulima ni mkulima. Mama Manasseh, niletee kile kipande."

Mama mkwe akakileta kipande cha mviringo, kiking'aa kwa mate ya Dezi. Baba mkwe akapitisha ukucha juu ya mistari. "Huu ni mwaka. Huu mwaka mwingine. Ukijua kusoma, hapa utaona mwaka aliokula vizuri na mwaka wa shida. Binti yangu anajua kusoma hivi."

Ombui akakishika, akakigeuza. "Anajengaje bila mikono ya kazi?"

"Kwa mate," baba mkwe akajibu bila kusita. "Kama mchwa."

"Si mate," Drusilla akanong'ona sikioni mwangu, akitaka kutoka. "Nyanchera, si mate kabisa, ni—"

"Nyamaza," nikamwambia. Ilikuwa mara ya pili kuambiwa hivyo alasiri ile, na mara hii nilimkanyaga na mguu.

Ombui aliendelea kukigeuza kile kipande. Kisha akakiweka chini, akachukua kikombe chake, akamaliza maziwa yote. "Angetaja nyumba ya mzungu mlangoni pa kanisa," akasema kwa Ekegusii, "ningemwelewa siku ile ile." Akafunga Biblia. "Haya. Tulikuwa tumefika wapi na mabati?"

Baba mkwe akafungua mdomo kusema habari za mabati, na mabati hayakutoka. Alibaki hivyo, kikombe hewani. Kisha akageuza kichwa, akatazama dirisha la jikoni. Tangu niolewe macho yetu hayakuwahi kukutana. Siku hiyo yalikutana, na mwiko wangu ukaanguka ndani ya sufuria.

"Drusilla," akaita.

Akatoka, akasimama mbele yake.

"Nimesema?"

"Umesema, tata."

"Na wewe ulikuwa umenyamaza."

"Uliniambia ninyamaze."

Sharti lile lilijulikana Nyansiongo nzima, na wazee wote wakamtazama mgeni aliyeelezwa. Mzee Ombui akakohoa. Angeweza kusema hakuelewa, na kinyongo chake kingeota majani. Alitazama kikombe chake kitupu.

"Mgeni ameelewa," akasema. "Mwache yule wa bomba aende."

Baba mkwe akaweka kikombe mezani. Aliposema, alikuwa akikiambia kikombe, si mtu.

"Nilielewa tangu jioni ya kwanza. Sikuwa na haraka ya kuelewa. Baba akishaelewa, mtoto anaondoka."

Drusilla alipiga magoti, na baba yake akamwekea mkono kichwani, akamwombea mbele ya wazee, sala ndefu iliyotaja ndege, bahari, papa, watu wa Australia, na wale wanyama wadogo pamoja na marehemu wao. Mimi nililia jikoni na sikuusingizia moshi. Maziwa yaliyobaki mezani yakafanya utando.

Alipomaliza, Drusilla aliinuka, akajifuta macho kwa kiganja. Nilimwona amesimama vibaya, kama mtu mwenye mwiba, nikajua hawezi kujizuia, ndivyo Mungu alivyomuumba.

"Tata," akasema, "kuna jambo moja tu. Hawajengi kwa mate."

Baba mkwe alikuwa ameshachukua gazeti lake la wiki iliyopita. Akalifungua, akajifunika uso, na sauti yake ilitoka nyuma ya karatasi ikiwa si imara sana.

"Hilo utanieleza ukirudi."